Tupeane uzoefu: wewe usiye na kisukari, unajua uko hatarini kiasi gani?

Wakuu, uzi huu ni wa sisi ambao hatujaambiwa tuna kisukari. Aina ya 2, ambayo ni zaidi ya asilimia 90 ya kisukari chote, inaweza kukaa mwilini miaka bila dalili. Kama uliwahi kupima, au kuna kitu kilikushtua, tuelezane.

Mama Pacha: Nilipata kisukari cha mimba. Nilipojifungua sukari ilishuka, nikaruhusiwa, na hakuna aliyeniambia kwamba nabaki na hatari kubwa ya kuugua huko mbele. Nimekuja kuelezwa na mkunga kwenye mimba iliyofuata. Dada zangu, mkishajifungua rudini mkapime, na muendelee kupima. Inaniuma hili lisiposemwa wodini.

Kimbaumbau: Mimi mwembamba tangu utoto, na kila mtu huniambia kisukari ni cha wanene. Nilimpeleka baba kliniki yake asubuhi, nesi akanitoboa kidole na mimi, sijatia kitu mdomoni: sukari 6.3 mmol/L. Nikatumwa maabara, jibu likawa lilelile. Nikaelezwa kwamba kuanzia 7.0 kabla ya kula ndiyo kisukari, mimi niko mlangoni. Mzazi anacho, na kazi yangu ni ya kukaa kutwa.

Mwanzisha uzi: Pole mkuu, ila mlangoni watu hurudi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002 ulifuata watu wa hali hiyo wenye uzito mkubwa. Waliopangiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari yao ilishuka kwa asilimia 58. Kwa wewe mwembamba, shika hayo mazoezi.

Nesi wa Zamu: Watu huniuliza habari za sukari ya kijiko tu. Nikiwauliza presha, kiuno, na nani anaumwa kwenye ukoo, wanashangaa. Chukua utepe wa fundi cherehani, upitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, usibane tumbo. Mwanaume ukizidi sentimita 94, mwanamke 80, nenda kapime, hata kama mizani haikutishi.

Kitindamimba: Hapo kwenye ukoo ndipo penyewe. Nimesoma uzi nikampigia mama. Kumbe bibi alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari! Sisi wajukuu tuliambiwa ni kidonda tu. Nimeshawaambia kaka zangu, tunaenda kupima wote. Nesi, tuje bila kula tangu usiku?

Nesi wa Zamu: Ndiyo, kaeni bila chakula kwa muda usiopungua saa nane. Maji kunyweni.