Bandari kongwe kugeuzwa makazi: London, Hamburg au Cape Town, na ipi itufae kwenye kingo za Themi?

Mkazi wa Sekei, Arusha

Ndugu wanajukwaa, kila unapozuka mjadala wa kuendeleza kingo za mto Themi, wapo wanaotaka nyumba za kisasa na wapo wanaotaka bustani ambayo mwananchi ataingia bila kuulizwa anakwenda wapi. Mabishano haya miji ya bandari imekwisha kuyapitia kwa gharama kubwa, kwa hiyo naomba tulinganishe mitatu.

Gati za ndani ya London zilifungwa kati ya 1967 na 1981, kwa kuwa meli za kontena zilihitaji kina na nafasi ambavyo gati hizo hazikuwa navyo, na shehena ikahamia Tilbury. Mwaka 1981 serikali kuu iliunda shirika maalumu lililochukua madaraka ya upangaji kutoka kwa halmashauri za maeneo hayo. Majengo marefu ya ofisi ya Canary Wharf yakasimama, na treni nyepesi ikaanza 1987, lakini familia za makuli wa zamani zililalamika kwamba nyumba nyingi mpya hazikuwa za uwezo wao. Hata mwekezaji mkuu wa Canary Wharf alifilisika mwaka 1992.

Cape Town ilianza kugeuza sehemu kongwe ya bandari yake mwaka 1988. Boti za uvuvi bado zinatia nanga pale, mgeni anatembea ukingoni bila kiingilio, ila eneo lote ni mali ya kampuni, ambayo tangu 2011 nusu yake inamilikiwa na mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali. Nyumba zake ni za matajiri.

Hamburg inajenga mtaa wa HafenCity katika hekta 157 zilizokuwa bandari, na viwanja vingi vilikuwa mali ya jiji lenyewe kabla ya kuuzwa. Mimi naegemea huko.

Mpimaji wa Njiro, Arusha

Ndugu wa Sekei, Hamburg umeipitia juujuu, ilhali ndiko kwenye somo. Anayetaka kiwanja cha makazi pale hashindi kwa dau peke yake, kwa sababu ubora wa wazo lake hupewa uzito kuliko bei, na hupewa muda wa kukamilisha michoro kabla ya kuuziwa. Majengo yameinuliwa juu ya vilima vya udongo, takribani mita 8 hadi 9 juu ya usawa wa bahari, lakini njia za watembea kwa miguu ziliachwa chini, karibu na maji, zikubali kufurika mara chache kuliko kumnyima mtu ukingo.

Sisi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo kifungu chake cha 57 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tatizo ni kwamba bonde la Themi mjini ni jembamba, na kuna viwanja ambavyo mita hizo zikipimwa kwa haki zinameza nyumba, choo na geti. Nimeona ukuta wa tofali ulioshuka hadi kwenye mawe ya mto, kiasi kwamba akina mama wa bustani za mchicha wanavua viatu na kupita majini ili waufikie upande wa pili.

Mama wa Pasua, Moshi

Habari zenu wakubwa. Kwanza, asije mtu akaipeleka hoja hii Tanga. Bandari ile imeongezwa kina hadi mita 13 ili meli zifunge gatini, na wafanyabiashara wa Moshi na Arusha tunaitegemea. Gati hugeuzwa makazi pale meli zilipokwisha kuondoka.

Pili, mfano wa karibu ni Forodhani, Unguja, bustani iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Hakuna nyumba iliyouzwa pale, na jioni wauza urojo na juisi ya miwa wangali wanafanya kazi mbele ya bahari. Mwekezaji akiombwa aache njia ataiacha, kisha mwaka ukipita utakuta mnyororo na mlinzi.

Kijana wa Kaloleni, Arusha

Mama, shikamoo, lakini hapo nakupinga. Forodhani ina watalii na wenyeji wanaoishi hatua chache kutoka bustanini, kwa hiyo saa nne usiku bado kuna macho ya watu. Bustani ya mtoni isiyo na makazi kandokando, giza likiingia, itakuwa ya vibaka. London, pamoja na dhambi zake, ilileta watu, na watu ndio taa.

Mpimaji wa Njiro, Arusha

Kijana, macho ya watu nayataka, lakini madirisha yanayotazama mto yanaweza kukaa nje ya mita 60 na bado yakaona kila kitu. Kinachonishughulisha ni mpangilio wa hatua. Njia ya umma ichorwe kwenye ramani ya mipangomiji, bikoni zake, yaani alama za mpaka, zisimikwe, na ndipo kiwanja cha jirani kipewe hatimiliki. Hati ikishatoka na mpaka ukisomeka hadi majini, halmashauri itakayotaka njia italazimika kulipa fidia, na wote tunajua fidia hukaa mezani muda gani.

Mama wa Pasua, Moshi

Marahaba, mwanangu wa Kaloleni. Kwa utaratibu huo wa bikoni kwanza, nyumba nazikubali. Mpimaji, je, kwa kuta zilizokwisha kushuka hadi mtoni, unashauri waanze na ipi?

Mpimaji wa Njiro, Arusha

Waanze na zile zisizo na hati, Mama, ila wachunguze kwanza, maana Sheria ya Ardhi inatambua fidia hata kwa aliyekaa muda mrefu bila hati.