Ushauri: napimaje maji ya kijito nifunge mtambo mdogo wa umeme, Rungwe

Kijana wa Ngosi: Habari wakuu. Shambani kwetu Rungwe kuna kijito kinashuka kutoka msituni. Nataka nifunge mtambo wa umeme niendeshe mashine ya kusaga. Nimeambiwa nijue maji ya kiangazi na kilele cha mafuriko. Naanzia wapi? Nina haraka kidogo.

Mzee wa Viazi: Kusaga tena? Mimi nilikuwa na mashine Igurusi, wateja wote wa mkopo. Lima viazi.

Fundi Bomba: Tafuta sehemu iliyonyooka, mita 10 hivi. Pima upana na kina sehemu kadhaa upate eneo. Tupia chungwa, hesabu sekunde, rudia. Gawa mita kwa sekunde upate mwendo, uzidishe kwa 0.85, penye mawe mengi shusha hadi 0.6 au 0.7. Zidisha na eneo, hayo ndiyo maji yako. Pima Oktoba, mvua hazijaanza.

Kijana wa Ngosi: Nimeshapima, lita 120 kwa sekunde.

Fundi Bomba: Lini?

Kijana wa Ngosi: Wazee wanasema hakijawahi kukauka.

Fundi Bomba: LINI mkuu?

Kijana wa Ngosi: Aprili. Ila udongo wetu ni wa volkano, unanyonya mvua na kuiachia taratibu.

Dada wa Uyole: Ni kweli, lakini kutokauka siyo kubaki na lita 120. Na mafuriko? Kagua takataka zilizonasa kwenye matawi, uone maji yalipanda hadi wapi. Kisha piga hesabu: kilomita za mraba zinazomwaga maji, mara milimita za mvua kwa saa, mara sehemu ya mvua hiyo inayotiririka, gawa kwa 3.6. Kilomita 4, milimita 60, sehemu 0.3: mita za ujazo 20 kwa sekunde! Zaidi ya mara 160 ya Aprili yako. Nyumba ya mashine ikae juu ya kimo cha mafuriko hayo.

Kijana wa Ngosi: Msingi nimeshamwaga, mita tano toka ukingoni. Jirani yuko hapohapo miaka yote, hajasombwa.

Dada wa Uyole: Furiko la mara moja kwa miaka 25 lina uwezekano wa asilimia 4 kila mwaka. Kwa miaka kumi ni karibu theluthi. Halafu Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ukingoni. Kibali cha maji je? Bodi ya Bonde la Ziwa Nyasa iko hapo Tukuyu.

Mtumishi: Vijana mnakata miti kwenye vyanzo, mkisombwa mnamsingizia Mungu.

Kijana wa Ngosi: Sijakata mti. Nikihamisha msingi napoteza mwinuko wa maji kushuka. Hapo nina mita 10, kilowati 40.

Mla Kande: Hii chai. Kilowati ni 9.81 ya mvutano wa dunia mara maji yako, mita za ujazo 0.12, mara mwinuko 10: haifiki 12, tena kabla mtambo haujala chake. Hizo 40 umezitoa wapi?

Mzee wa Viazi: Nilijua. Chungwa lenyewe hajatupa.

Kijana wa Ngosi: Siyo chai wakuu. 40 kasema muuzaji. Nusu ya hela ameshachukua.

Mla Kande: Tuma picha ya risiti.

Kijana wa Ngosi: Tuliandikishana kwa mdomo.

Mzee wa Viazi: Sasa imekuwa chai ya maziwa.