Tupeane uzoefu: Maisha ya sokoni na nyumbani tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku

Ndugu zangu, tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, tumesoma kanuni na kusikia matamko mengi, lakini ni mara chache tumesimuliana wenyewe yaliyotupata. Naomba kila mwenye kisa chake akieleze, na mimi naanza.

Wakati ule nilikuwa na genge la mboga na nafaka Tandika, Dar es Salaam. Wiki ya mwisho ya Mei nilisalimisha marobota mawili ya rambo, yaani hiyo mifuko ya plastiki, niliyoyanunua kwa fedha yangu, nikarudi nikiwaza mteja wa nyanya za mia tano atazibebea nini, maana mfuko mbadala wa bei ya chini nilioupata ulikuwa shilingi mia mbili. Kina mama ndio walionitoa wasiwasi, kwani siku ya pili tu walikuja na vikapu na ndoo, na wengine wakafunga vitunguu kwenye pindo la khanga. Mtaro wa nyuma ya genge, ambao kila masika ulikuwa unazibwa na rambo, ulianza kupitisha maji.

Kilichoniumiza ni kilichofuata. Vile vifungashio vyembamba visivyo na mikono, vilivyoachwa kwa ajili ya kufungia bidhaa tu, viligeuzwa kuwa mifuko ya kubebea kila kitu, hata Serikali ikalazimika kuvikemea upya mwaka 2021. Mwenye genge ndiye anayefikiwa kwanza na mkaguzi, wakati kifungashio hakizaliwi gengeni. Kanuni zinaweka faini ya hadi shilingi bilioni 1 kwa mzalishaji na mwingizaji, na ninaamini ukaguzi ungeanzia kwao tungekuwa tumeshalimaliza jambo hili.

Mchangiaji kutoka Dodoma:
Ndugu mwenye mada, mimi ni mfugaji, na kwangu katazo lilichelewa. Mwaka 2016 ng'ombe wangu wa maziwa alikonda huku akiwa na malisho, akaacha kucheua, na tulipomchinja tulikuta tumboni bonge la mifuko lililosokotana na kamba, ambalo nililibeba kwa mikono miwili. Mifuko ile ilitoka dampo la jirani, ambako mifugo hufuata maganda na mabaki ya chakula. Siku hizi rambo sizioni tena machungani, ila vifungashio unavyovisema naviona.

Mchangiaji kutoka Unguja:
Huku kwetu katazo ni la zamani, tangu mwaka 2006, lakini kwa miaka mingi mifuko iliendelea kuonekana madukani, kwa sababu Bara ilikuwa bado halali na bahari haina ukuta. Mimi nasuka ukili. Nilitarajia kwamba katazo la Bara litaniletea wateja wa sokoni, na wamekuja kweli, ila si wengi, kwa kuwa kikapu kimoja kinanichukua siku mbili na bei yake haiwezi kushindana na mfuko wa kitambaa wa kiwandani. Wanaonunua zaidi ni wageni. Ningependa sera ya mifuko mbadala itutaje na sisi wasusi, si viwanda peke yake.

Mchangiaji kutoka Mombasa:
Kenya ilitangulia tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni kali, hadi shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo cha miaka minne. Mwaka 2018 nilitoka Tanga na nguo nilizozinunua, zote zikiwa kwenye mifuko ya plastiki, na tulipofika mpakani Lunga Lunga tukaombwa kuiacha. Nilizifunga nguo zile kwenye leso, yaani khanga, na kuendelea na safari. Siku hiyo niliona wazi kwamba majirani wanaouziana hawawezi kuwa na sheria mbili juu ya mfuko mmoja.

Mwenye mada:
Nawashukuru. Dada wa Unguja, hoja yako ya wasusi naichukua kwa uzito, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kufikiria kuagiza vikapu vya ukili kwa ajili ya wateja wangu. Sasa nawaomba wauza samaki na nyama watueleze wanafungia nini bidhaa zenye majimaji, kwa maana gazeti huloa kabla mteja hajafika nyumbani, na hapo ndipo kifungashio kinapopata nafasi.