Naomba ushauri: nitajuaje plaizi ya kukunja yenye vifaa vingi ni imara?

Wakuu, habari za kazi. Ninafunga mabomba ya umwagiliaji na uzio wa seng'enge kwenye mashamba ya parachichi huku Rungwe, ambako mvua haituachi na chuma hafifu hushika kutu mapema, hivyo nahitaji plaizi moja ya kukunja yenye kisu, msumeno, tupa na bisibisi ndani yake.

Sokoni Mwanjelwa, Mbeya, zipo za bei nafuu zilizoandikwa "stainless" (yaani chuma kisichoshika kutu), neno ambalo kwa maoni yangu halithibitishi chochote. Niliyoishika juzi, nilipoifumba na kuielekeza kwenye mwanga, meno yake hayakukutana nchani, mikono ilicheza kwenye ekseli (pini inayoiunganisha), na kisu kilipofunguliwa hakikuwa na kufuli, jambo linalohatarisha vidole.

Ninajua kwamba Leatherman Wave+, plaizi ya aina hii ya kampuni ya Marekani, ina kisu cha 420HC (aina ya chuma cha stainless), sehemu ya kukatia waya inayobadilishwa ikichakaa, na dhamana ya miaka 25. Lakini dhamana ya Marekani itanisaidia nini nikiwa Tukuyu?

Naomba wenye uzoefu mnieleze: mbali na mwanga na mchezo wa ekseli, nikague nini kabla ya kulipa? Je, iliyofungwa kwa skrubu, ambayo naweza kuikaza mwenyewe, hudumu kuliko ya ribiti (pini iliyogongwa isiyofunguka)? Na kwa anayekata seng'enge karibu kila siku, si afadhali kununua plaizi ya kawaida na kisu kizuri pembeni?