Makala za eksirei kwa Kiswahili: nani aliwatuma kila kitu kianze na Röntgen?

Wakuu, nimechoka, mnivumilie.

Nafanya kazi ya mionzi hapa Mwanza. Mwanafunzi akiniuliza asome wapi kuhusu eksirei za kawaida, namtafutia makala ya Kiswahili, na kila ninayofungua ni ile ile: Röntgen aliyegundua eksirei, mwaka 1895, mkono wa mkewe Bertha wenye pete, Nobel ya 1901. Tumesikia! Historia ipewe makala yake, huku ibaki sentensi moja. Mtu aliyevuka ziwa kutoka Ukerewe na karatasi ya kupiga picha ya kifua, pete ya mama Bertha inamhusu nini?

Baada ya pete ni vurugu. Aya moja eksirei, inayofuata MRI (ile ya sumaku), ultrasound (ile ya mawimbi ya sauti) imechomekwa katikati, zote zimeitwa "mionzi". MRI na ultrasound hazitumii eksirei hata kidogo. Mjamzito akisoma hapo, kesho anaikimbia ultrasound.

Pangeni kwa sehemu ya mwili, jamani. Kifua, shingo, mkono, nyonga, kila kimoja na kichwa chake: picha inaombwa kwa nini, mgonjwa anakaaje, inaonyesha nini na HAIONYESHI nini. Hilo la mwisho sijaliona popote.

Chukueni shingo. Sisi wala sato na sangara, mwiba kukwama kooni tunaujua. Mtu anapigwa picha ya shingo kutokea upande, haionekani kitu, anarudi nyumbani anajiona mzima. Sarafu ingeng'aa nyeupe pee, lakini miba mingi hupotelea kwenye vivuli vya nyama. Maumivu yakiwepo bado, koo lichunguzwe kwa kamera hata kama picha ni safi. Andikeni hivyo, juu kabisa! Na kwenye kifundo cha mkono, ufa wa skafoidi (kile kifupa kidogo upande wa kidole gumba) unaweza usionekane siku ya kwanza, ndiyo maana picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14.

Kifua nacho wanaandika "mgonjwa asimame", basi. Asimame vipi? Kifua kiguse kaseti (bamba linalopokea picha), mionzi itokee mgongoni, umbali sm 180, avute pumzi aibane. Moyo uko mbele, ukisogea karibu na kaseti haukuzwi sana. Aliyepigwa amelala chali, moyo wake utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Bila sababu hiyo mwanafunzi anakariri kama kasuku.

Halafu hii "mionzi kidogo tu". Kidogo kiasi gani? Picha moja ya kifua kwa kawaida haifiki millisieverti (kipimo cha mionzi mwilini) 0.1, ya mgongo wa kiuno ni kama 1.5, mazingira yenyewe hutupa wastani wa 2.4 kwa mwaka. Namba ikae kwenye sehemu yake, isirundikwe mwishoni.

Na wewe uliyeweka kwenye makala picha ya kifua iliyogeuzwa, moyo umeenda kulia kwa mgonjwa, alama ya upande hakuna: itoe leo. Au kama huyo mtu moyo wake uko kulia kweli, maana wapo, andika chini yake.