Mjadala: Je, ni haki kumwondoa machinga Kariakoo?

Naleta mbele yenu swali ambalo Dar es Salaam imelijibu mara nyingi kwa mgambo na tingatinga bila kulijibu kwa hoja: mtu asiye na uwezo wa kulipia fremu ya duka, katika jiji ambalo Sensa ya 2022 ililihesabia watu 5,383,728, anaruhusiwa kutafutia riziki wapi?

Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Kumtoa machinga Kariakoo na kumpeleka eneo lisilopitwa na watu ni kumnyang'anya mtaji, hata kama bidhaa zake zote zimesalimika. Mwenye duka ana stoo, ana wateja wenye namba yake ya simu, na benki inaweza kumsikiliza. Lakini kijana anayechukua viatu asubuhi kwa mali kauli, na anayetakiwa kurejesha fedha za mwenye mali jioni ileile, hana cha kutegemea zaidi ya pale alipotandaza turubai lake na miguu ya watu wanaopita mbele yake. Siku tatu bila mauzo zinatosha kumtumbukiza kwenye mikopo ya kausha damu, yaani ile ya riba kubwa mno, na akishaingia huko hata akirudishiwa nafasi yake hatakuwa na cha kuuza.

Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza wamachinga wapangwe upya nchini bila nguvu na bila kuharibiwa mali zao. Mkoa wa Dar es Salaam ukaweka ukomo wa Oktoba 18, kisha ukausogeza hadi Oktoba 30, na mabanda yakaondolewa. Agizo lilikuwa la busara kwa maneno yake, nami sina shida nalo. Shida yangu ni kwamba kwa wengi kupangwa kulimaanisha kuondolewa tu, kwa sababu maeneo mapya yalichaguliwa kwa kuangalia wapi pana nafasi, si wapi pana wanunuzi. Somo hili tulikuwa nalo tayari pale Ilala, ambako Machinga Complex ilijengwa mahsusi kwa ajili yao na bado vizimba vingi vya ghorofa za juu vikakaa miaka bila mtu, kwa kuwa mnunuzi wa soksi hapandi ngazi kuzifuata.

Wengine watasema kwamba historia haina nafasi katika suala la usafi wa jiji. Sikubaliani nao. Waingereza waliligawa jiji hili katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, wakaacha uwanda wa Mnazi Mmoja uwe mpaka, na Kariakoo, yenye jina linalotokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ikawa upande wa Waafrika. Baada ya Uhuru hatukukoma kuwatazama maskini kama wageni mjini: mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi iliwakamata watu walioonekana hawana kazi rasmi na kuwarudisha vijijini, na wengi wao walirejea. Leo ardhi ileile imepanda thamani, maghorofa yamejaa, na tunamwambia mjukuu wa Uswahilini kwamba analiharibia jiji sura.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu haitoki kwa wenye maduka, inatoka kwa watembea kwa miguu. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kupita Mtaa wa Kongo siku ya Jumamosi. Mama mjamzito au mtoto wa shule anasukumwa hadi katikati ya magari. Hili ni kweli, na yeyote anayemtetea machinga bila kulikiri anamdhulumu mtu mwingine mnyonge. Hata hivyo tuwe wakweli kuhusu nani mwingine amekalia njia hiyo. Magari ya watu binafsi huegeshwa juu ya njia za waenda kwa miguu kutwa nzima, na mwenye gari, akibanwa sana, hulipa faini na kuondoka na gari lake. Machinga huondoka bila meza na bila nyanya zake.

Kuhusu kodi nitasema kwa kifupi. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, nao wengi wakalipa. Kitambulisho kilimtambua mtu bila kumpa mahali, na ndiyo maana hakikumkinga mwaka 2021. Na wenye maduka walipofunga biashara Mei 2023 kwa sababu ya kamatakamata ya kodi na usajili wa stoo, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikutana nao viwanjani Mnazi Mmoja. Ilikuwa haki yao kusikilizwa. Machinga akigoma, nani atajua?

Ninachopendekeza ni hiki: baadhi ya mitaa ya Kariakoo ifungwe kwa magari kwa saa maalumu, nafasi zichorwe chini na kupewa namba, upana wa kupita kiti cha magurudumu ubaki wazi na usiguswe na yeyote, na machinga alipie nafasi yake kwa siku kwa stakabadhi ya halmashauri inayomzuia mgambo kumgusa hadi jioni. Nafasi hizo zisimilikiwe na wenye maduka kwa mlango wa nyuma, maana ni siri ya wazi kwamba baadhi yao huwapa vijana mali wazitembeze nje ili zisipite kwenye mashine ya risiti.

Mnaopinga, naomba mnijibu jambo moja kwanza: kwa mnaowafahamu waliotolewa Oktoba 2021, wako wapi sasa, na wanaishije?