Mwenye kikohozi asije msibani: ni adabu au ni kuvunja udugu?

Mleta mada, mpishi wa shughuli, Ngamiani

Assalaam alaykum, wana Tanga wenzangu, na wa dini zote hamjambo. Jambo hili limetugawa mtaani, na kila tukilizungumza barazani tunaondoka tumenuniana. Nimeona nilimwage hapa, kila mtu aseme lake.

Kamati yetu ya misiba ilikaa wiki iliyopita. Mwenzetu mmoja akapendekeza tuwe na utaratibu: yakitangazwa maradhi ya kuambukiza, kama ilivyokuwa korona, mwenye mafua, homa au kikohozi asihudhurie msiba, na asihesabiwe kuwa kasusa. Rambirambi yake aitume kwa mtu au kwa simu. Nusu ya kikao wakaunga mkono, nusu wakaja juu. Mzee mmoja akasimama akasema kama tumefika huko, basi yeye siku yake ikifika azikwe na wapita njia. Kikao kikavunjika hapo hapo.

Mimi naunga mkono, na sababu yangu inatoka jikoni. Nina miaka 19 napika pilau la harusi na wali wa msiba, na mtu wa mafiga huona ambayo waliokaa jamvini hawayaoni. Sinia moja hula watu watano, vijana hubanana hata sita. Goti la huyu liko juu ya pindo la yule, vichwa vimeinama pamoja juu ya wali unaofuka moshi. Hapo ndipo watu waliolia tangu alfajiri hupata kusema neno la kwanza. Na hapo ndipo mtu hukohoa. Hata akigeuza uso, anamgeuzia wa kushoto kwake.

Februari 2021 nilipika msiba mtaa wa pili. Mnaukumbuka wakati ule. Takwimu za serikali zilikuwa zimesimama tangu Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo watu wakawa wanakufa kwa "changamoto ya upumuaji". Mjane alikaa chumba cha ndani, dirisha limefungwa na pazia limeshushwa, na nje jua la kaskazi linachoma. Wanawake wamejaa mpaka mlangoni. Nikaingia na birika la chai ya tangawizi. Katikati yao alikaa mama mmoja, leso kaibana mdomoni, anakohoa kikohozi kikavu, na kila akimaliza anawaomba radhi waliomzunguka: "Nisameheni, nimeona nisipokuja mtasema."

Nisipokuja mtasema. Nimelala na maneno yale miaka yote hii.

Shangazi yangu alikuwa amekaa naye bega kwa bega. Siku ya nane akaanza kuhema. Kwanza tukamfukiza, nyungu ya mchaichai, majani ya mlimao na mkaratusi, tukamfunika blanketi asubuhi na jioni kwa siku tatu. Siku ya nne hakuweza kumaliza sentensi bila kukata pumzi, ndipo tukamkimbiza hospitali. Alifariki usiku ule. Yule mama simlaumu hata chembe, na naye aliugua sana. Ni sisi tuliomtoa kitandani kwake, kwa ndimi zetu.

Ndiyo maana nataka tukubaliane sasa. Korona yenyewe, Shirika la Afya Duniani liliiondoa kwenye dharura tarehe 5 Mei 2023. Hakuna aliyepaniki, hakuna anayefiwa leo. Tukingoja maradhi mengine yabishe hodi, hatutaweza kupanga chochote, tutaanza kuoneana.

La maji nitalisema kwa ufupi maana nadhani halina ubishi. Beseni la kuchovya wote mikono, hapana tena. Kijana apite na birika ammiminie kila mtu, au iwekwe ndoo ya koki na sabuni. Mwaka 2020 kila duka lilikuwa na ndoo ya koki mlangoni. Leo zimerudi ndani, zinatunza maji ya kuoga.

Haya, semeni.

Ami wa Chumbageni

Binti yangu, pole kwa shangazi yako. Nimekusoma mara mbili, na bado nakataa.

Mke wangu alifariki mwezi wa tano mwaka 2020. Hakufa kwa korona, alikuwa na moyo wa siku nyingi. Mwanamke aliyezika nusu ya Chumbageni, aliyekuwa hakosi kisomo cha mtu, walikuja kumzika watu kumi na mmoja. Niliwahesabu kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya. Majirani walipika uji wakauacha kizingitini, wakabisha na kuondoka. Nilikaa jamvini na mwanangu mmoja mpaka uji ukaganda utando juu. Simu zililia kutwa, na pesa ziliingia kuliko nilivyotarajia. Usiku nikaizima ile simu.

Mnasema ni kikohozi tu. Leo kikohozi, kesho mafua, keshokutwa mtu atajisikia uvivu tu atume elfu tano na neno la pole. Mkishaweka ruhusa ya kutokuja, wataitumia hata wazima. Udugu wa mji huu haukujengwa kwa kutumiana.

Tena nasikia wataalamu wenyewe walisema mtu anaweza kuambukiza kabla hajaanza kukohoa. Basi utaratibu wenu utamkamata mkweli anayekohoa na kumwacha yule asiyejijua. Haki iko wapi hapo?

Muuguzi, Makorora

Shikamoo ami. Ulilolisema ni kweli: korona iliweza kutoka kwa mtu siku kama mbili kabla hajaona dalili. Lakini anayekohoa na mwenye homa ndiye anayesukuma vijidudu vingi zaidi na kwa mbali zaidi. Kuwazuia hao hakumalizi hatari, kunaipunguza. Chandarua nacho hakizuii kila mbu na bado tunakitundika.

Ninachotaka kuongeza kwa mleta mada ni kwamba unatazama sana sinia na mikono, wakati maradhi ya njia ya hewa hukaa kwenye hewa ya chumba. Kile chumba cha mjane kilichofungwa dirisha kinanitisha kuliko sinia lako. Eda haikatazi dirisha kufunguliwa. Weka pazia jepesi kwa ajili ya stara, hewa ipite. Wageni wakae uani chini ya turubai lisilozibwa pembeni, waingie kumpa mkono wa pole watatu watatu, wasikae. Wazee, na wenye kisukari au presha, wapakuliwe kwenye sahani zao mbali kidogo na msongamano, kwa sababu hao ndio korona iliwaangusha zaidi.

Na nyungu. Dada, umesema siku tatu, na nimesikia hadithi yako kwa watu wengi mno. Sina ugomvi na mchaichai. Mvuke unaweza kumpa mtu nafuu ya pua iliyoziba, ila hauui kirusi kilichoko mapafuni. Nilichokiona wodini ni watoto walioungua kwa sufuria iliyopinduka chini ya blanketi, na wagonjwa waliofika wamechelewa. Mtu akishindwa kumaliza sentensi, kifua kikibana, midomo ikiwa ya bluu au akianza kuchanganyikiwa, weka sufuria chini mwite mwenye bajaji. Aliyeungua mmwagilieni maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na majivu, msimpake.

La mwisho, wanaouguza. Tulimwacha binti mmoja wa familia amkeshee mgonjwa wiki mbili peke yake, halafu tukashangaa kaanguka. Pangeni zamu. Anayeingia kwa mgonjwa avae barakoa, dirisha liwe wazi, akitoka anawe, ale, alale. Usingizi wa muuguzaji nao ni dawa ya nyumba.

Mkazi wa Mabawa

Nina pumu tangu mdogo. Mwaka 2020 nilishushwa kwenye daladala kwa sababu nilikohoa mara mbili, abiria wakapiga kelele, konda akanirudishia nauli na kuniacha juani. Kwa hiyo nikisikia "mwenye kikohozi asije" mwili unanisisimka. Nani atakuwa mlangoni kuamua kikohozi changu ni cha aina gani? Mtakuwa na askari wa kikohozi msibani? Bibi wa TB anayemeza dawa zake naye atafukuzwa?

Muuguzi, Makorora

Una haki ya kuuliza. Kinachohusika ni kikohozi kipya, chenye homa au mwili kuuma, kilichoanza siku hizi chache. Pumu haiambukizi. Wa TB aliyeanza dawa na kuzimeza sawasawa huacha kuambukiza, kwa kawaida ndani ya wiki chache, na kliniki ndiyo itakayomwambia. Dawa zake ni bure, kwa kawaida miezi sita. Na yeyote anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi akapimwe, kuwe na mlipuko au kusiwe.

Mwalimu wa madrasa, Mwanzange

Naomba niseme upande wa dini, maana naona watu wanaihofia bila kuitaja. Kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi kifaya. Wakitosha waliosimama kuitekeleza, waliobaki hawana dhambi. Kwa hiyo anayelala nyumbani na homa hajamwacha ndugu yake bila haki yake.

Tena Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtaka aliyekula kitunguu saumu au kitunguu maji kibichi ajitenge na msikiti, kwa sababu ya harufu inayowaudhi wengine. Harufu tu. Na tauni ikiwa katika nchi, alikataza walio nje kuingia na walio ndani kutoka kuikimbia. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, aligeuza msafara. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu.

Lakini ami wa Chumbageni amenigusa. Kumhani mfiwa ni sunna, na haina lazima ya kutimizwa siku ile ile. Tulijifunza kuwazuia watu, hatukujifunza kuwarudisha.

Kijana wa Sahare

Swali fupi. Na ikiwa ni Marburg kama ile ya Kagera mwaka 2023? Huko hata kumgusa maiti ni hatari. Utaratibu huu unatosha?

Mleta mada

Mdogo wangu wa Sahare, hautoshi. Kwa Marburg au ebola maiti huzikwa na watu waliofunzwa wakiwa wamejikinga, familia ikishirikishwa kwa mbali, na mwosha wa mtaa hana kazi pale. Hilo tuwaachie wa afya, tusichanganye.

Dada muuguzi, nimekubali dirisha. Nimepika kwenye misiba mingi mno yenye vyumba vya namna ile, na sikuwahi kuufikiria upepo. Kuhusu zile siku tatu za nyungu, nimezisoma ulizoandika nikaweka simu pembeni. Nashukuru umezisema.

Wa Mabawa, nisamehe. Nilivyoandika mwanzo, "mwenye kikohozi", ni vibaya. Utaratibu useme kikohozi kipya chenye homa, na asiwepo mtu wa kumkagua mwenzake mlangoni. Mtu ajipime mwenyewe, na kazi ya kamati iwe moja: kumlinda aliyebaki nyumbani asisemwe. Hapo sitarudi nyuma. Mwenyekiti asimame kabla ya dua aseme kwa sauti, fulani na fulani wana udhuru, wametutuma salamu, msiwaweke midomoni. Kikisemwa mbele ya watu, maneno ya pembeni hupungua makali.

Ami, wewe umenikalia moyoni tangu jana. Nilikuwa nafikiria anayekuja na homa yake, sikumfikiria anayebaki na uji umeganda. Sasa napendekeza hivi: kila aliyepewa udhuru aandikwe kwenye daftari la kamati, na akipona awe na deni la kwenda kumhani mfiwa kwa miguu yake, akae naye, wale pamoja. Kamati ifuatilie daftari kama inavyofuatilia michango. Simu isilipe deni hilo. Atakayetumia ruhusa kwa uvivu, daftari litamwonyesha.

Na kwa kuwa deni la mkeo hakuna aliyekulipa, nielekeze nyumba. Jumamosi nitakuja na wenzangu wawili wa jikoni, wazima wa afya. Nitapika mwenyewe.

Ami wa Chumbageni

Daftari sijaliamini bado. Watu wataandikwa na watasahauliwa, na mwenye kulishika naye atachoka. Nitakuja kikaoni kulipinga tena.

Nyumba ni ya tatu ukitoka msikitini, ina mlango wa kijani na mpapai. Jumamosi nipo. Msije na vyombo, masinia yake yote yapo.